Kuvuka Ziwa Pasipo Kukimbia: Vakanse ya Treni Kutoka Baraka Mpaka Bahari



Kila mwaka, masomo yakikaribia kufungwa, vijana wanauliza ulizo moja: mtu wa Fizi anaweza kwenda wapi vakanse, yeye asiye na feza ya ndege? Wanaona katika picha vijana wa Ulaya wenye mfuko mgongoni, leo mji huu, kesho mji ule, wote kwa treni. Basi nawajibu: hata ninyi mnayo treni yenu. Haiko mbali. Iko ngambo ya maji, Kigoma, na inakwenda mpaka bahari.

Najua utasema: vakanse gani, na watu bado wanakimbia? Ni kweli. Tangu Bukavu ilipoanguka mwezi wa pili 2025, jamaa nyingi zimeshuka upande wa Fizi na godoro kichwani, na pengine wewe mwenyewe umewapokea nyumbani. Sisemi habari hii ili kumcheka mtu. Nasema juu ya jambo lingine. Sisi watu wa Baraka, ziwa hili tumelijua sana kama njia ya kukimbia. Mwaka 1996 tulivuka usiku, bila biye, bila viatu. Wengine walipelekwa Nyarugusu, sisi tulipelekwa Lugufu. Mwaka 1997 meli Liemba ilirudisha wengine, na tangu 2005 HCR ilituleta nyumbani kwa meli Mwongozo mpaka bandari ya Baraka. Mama yangu alishuka na sahani mbili na blanketi, akasema hatakanyaga tena chombo cha kwenda Kigoma. Alishika neno lake karibu miaka ishirini.

Mwezi wa saba 2025 alilivunja. Tulikwenda watu watatu: mama, mimi, na mpwa wangu anayechimba Misisi. Tulikwenda wiki mbili, tukarudi. Ninayoandika hapa ni namna tulivyopanga, na pale tulipokosea.

ANZA NA TRENI, SI NA BOTI

Mpwa wangu alikuwa na mpango wake katika kikaratasi: Kigoma, Mwanza, Tabora, Dodoma, Dar es Salaam, Zanzibar. Siku saba. Nilimwambia, mtoto, hiyo ni kazi ya barua, si ya mtu.

Sikiliza vizuri jambo hili, maana ndilo linalowashinda wengi. Gari la moshi la Kigoma haliondoki kila siku. Lina siku zake katika juma, na siku hizo hubadilishwa, zaidi wakati wa mvua, kwa sababu kule kati ya Kilosa na Gulwe maji ya mto yamekwisha kuvunja reli mara nyingi. Mwisho wa mwaka 2009 yaliikata vibaya sana. Tena biye yako ni ya treni ile ile na kiti kile kile. Usifikiri utakata biye ya Kigoma mpaka Dar, ushuke Tabora kutembea, kisha urukie treni inayofuata kwa karatasi ile ile. Kila kipande cha safari kina biye yake. Kwa hiyo ukishuka mahali, unangoja treni nyingine, na pengine ni siku mbili ao tatu. Si wewe unayechagua siku ngapi utalala Tabora, ni treni.

Kwa hiyo mpango unafanywa hivi. Kwanza tafuta mtu wa Kigoma aende steshoni yeye mwenyewe kuuliza siku za treni za mwezi ule. Andika siku hizo zote. Kisha chagua pa kushuka mara mbili tu, tatu ukiwa na nguvu. Kisha rudi nyuma ukihesabu: ili kupanda treni siku fulani, lazima uwe Kigoma siku mbili mbele, maana upepo wa ziwa hauheshimu biye ya mtu. Siku ya boti ndiyo unaichagua mwisho. Wengi wanafanya kinyume: wanaona boti inaondoka, wanarukia, halafu wanakula feza yote Kigoma wakingoja.

Na juu ya siku, tuliponea kidogo. Jamaa yetu wa Kigoma alisema kwa simu, "Njooni Jumatatu tukate tiketi." Mpwa wangu akaandika: siku ya tatu. Mama ndiye aliyesoma karatasi akaanza kucheka. Alikaa kambini karibu miaka kumi, anajua. Kwetu siku ya tatu ni katikati ya juma. Kwao Jumatatu ni siku yetu ya kwanza, na siku yetu ya tatu wanaiita Jumatano. Tungefika siku mbili nyuma. Kisha kuna saa. Baraka ikiwa saa nane ya mchana, Kigoma imekwisha kuwa saa tisa. Badilisha saa yako ukiwa bado katika boti. Na kijana aliyezoea kuhesabu saa kwa Kifaransa ajue kwamba Mtanzania akisema "saa mbili usiku" ni vingt heures, si katikati ya usiku.

KARATASI

Hapa usifanye mchezo. Karte ya CEPGL inayokuvusha Burundi na Rwanda haina kazi Kigoma, maana Tanzania haimo katika CEPGL. Congo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini hilo halikuondoa pasipoti. Ulizia habari ya viza kabla ya kufunga mizigo, kwa wakubwa wa uhamiaji, si kwa wenye boti. Anza miezi mitatu mbele. Mtoto asiyesafiri na wazazi wake achukue karatasi ya ruhusa iliyopigwa muhuri, na barua ya mchungaji ao padri wake haimdhuru mtu.

Kisha karte ya manjano, ya chanjo ya homa ya manjano. Mtu anayetoka Congo ataulizwa. Chanjo huanza kuhesabiwa baada ya siku kumi, kwa hiyo ukichomwa leo na kuvuka kesho, bado. Ukishaichoma mara moja, tangu 2016 sheria inasema inatosha maisha yote. Itunze pamoja na cheti cha ubatizo, nyumba nyingi ndipo zinapotunza vitu hivyo.

Ukifika Kigoma, usitoke bandarini bila muhuri katika pasipoti. Wako wanaopita pembeni kwa sababu wanajua njia na wana ndugu pale Ujiji. Lakini mtu asiye na muhuri, siku polisi wakimuuliza ndani ya treni, si mtalii tena. Atakuwa mkimbizi aliyetoka kambini bila ruhusa, ao mtu aliyeingia kwa wizi. Mama yangu alikuwa na hofu hiyo kuliko hofu ya mawimbi. Alipopigiwa muhuri aliuangalia muda mrefu. Tangu alipozaliwa, ilikuwa mara ya kwanza kuingia Tanzania na mtu akamwambia karibu.

FEZA, NA NENO MOJA JUU YA DHAHABU

Dola zako ziwe mpya na safi. Ile tabia ya kwetu ya kukataa noti iliyopasuka kidogo, kule iko pia, na noti za miaka ya zamani wanazikataa ao wanazipunguzia bei. Tena tangu mwezi wa tatu 2025 sheria ya Tanzania imekataza kulipa vitu vya ndani kwa feza ya kigeni. Badilisha Kigoma, upate shilingi, ndiyo utembee nazo. Gawanya feza mara tatu: ya kwenda, ya kukaa, ya kurudi. Ile ya kurudi mpe mtu mwenye moyo mgumu kuliko wewe. Kwetu alikuwa mama. Aliifunga ndani ya kitambaa na hakufungua hata mpwa wangu alipoona viatu vya Kariakoo.

Sasa dhahabu. Ninyi vijana wa mashimo, najua mnavyofikiri, kwa maana mpwa wangu alifikiri vilevile: "Mama mukubwa wa Kigoma ananunua bei nzuri, nichukue gramu chache tu ndani ya soksi, zitalipa safari." Hapana. Dhahabu ili ivuke mpaka inataka karatasi za CEEC na kodi yake, na mchimbaji mdogo hana. Ukishikwa, unapoteza dhahabu, unapoteza safari, na pasipoti yako inalala kwa polisi. Tena unawaharibia wote waliomo katika boti ile, hata mama aliyebeba mawese yake ya kuuza. Uza kwa mnunuzi wako wa Misisi, hata kama anakupunja, na safiri na usingizi wako. Mpwa wangu alikasirika siku nzima. Aliuza.

MAJI

Vakanse kubwa inaangukia kiangazi, na kiangazi ndiyo wakati wa upepo wa kusini. Boti ikitoka Baraka inazunguka kwanza kichwa cha Ubwari, na pale ndani ya ghuba maji hukudanganya, yametulia kama ya beseni. Ukishapita kichwa ndipo unajua ziwa. Uliza wavuvi wazee, si mwenye boti. Mwenye boti ana hesabu ya mafuta yake. Wakisema leo hapana, ni hapana. Angalia jile ya kuokoa, ivae, hata kama unachekwa. Boti iliyojaa mpaka watu wanakaa juu ya magunia, iache iende. Hiyo ndiyo sababu ya zile siku mbili nilizosema.

Iko njia nyingine, ya gari, kupitia Uvira, Bujumbura na kushukia Manyovu. Ni ndefu, na inategemea kama mipaka iko wazi siku ile.

Neno dogo juu ya Ubwari. Mwaka 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walipita hapa kwa mitumbwi kutoka Ujiji wakienda Uvira. Waliidhani Ubwari ni kisiwa. Ghuba yetu ya Baraka mpaka leo katika karte za kizungu inaitwa kwa jina la Burton, aliyepita tu. Mpwa wangu aliposikia akasema, "Na sisi tunaopita leo, tutaita Kigoma jina letu?"

KIGOMA NA UJIJI

Kigoma utajisikia nyumbani. Wabembe wako, Wamanyema wako, mawese yako, sombe iko ila wanaiita kisamvu, lenga-lenga ni mchicha. Mukeke wetu kwao ni mgebuka. Lakini usije ukitamani sana ndagala mwezi wa saba: mwaka 2024 nchi za ziwa zilianza kufunga uvuvi miezi mitatu, toka 15 Mei mpaka 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaa, na bei hupanda.

Mtu mzima mwambie "Shikamoo". Usiingie na "Jambo" yako kama unauza kitu. Na jihadhari na maneno yanayofanana na yetu. Mpwa wangu alimwambia kijana wa kubeba mizigo, "Tosha ile bagaji!" Yule akasimama, akaangalia bagaji, akasema, "Ndiyo, inatosha." Walikaa hivyo wakiangaliana mpaka mama alipowatenganisha.

Nenda Ujiji, ni karibu, unafika kwa daladala. Wengi wanakwenda kuona mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, na mahali hapo pana jiwe la ukumbusho na nyumba ya makumbusho. Ni vizuri. Lakini wewe mtu wa Fizi, simama pale uangalie upande mwingine, upande wa maji. Kabla ya wazungu hao kukutana, watu wa upande wetu na wa Manyema walikuwa wakivushwa hapa kwa mitumbwi, wakafungwa, wakatembezwa kwa miguu mpaka Bagamoyo baharini, zaidi ya kilometa elfu moja. Wadachi walipojenga reli, wakianza Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwezi wa pili 1914, waliifuata kwa sehemu kubwa njia ile ile ya misafara. Kwa hiyo ukikata biye Kigoma, unakata biye ya njia ambayo babu za babu zetu waliikwenda kwa kamba shingoni. Mama hakusema kitu Ujiji. Aliomba tuketi kidogo chini ya mwembe, tukaketi.

Wamisionari pia walipita hapo. Mapadri Weupe walifika Ujiji 1879, na mwaka uliofuata wakavuka kuanza misioni Masanze, upande wetu wa ziwa.

Ukiwa na siku moja zaidi na feza ya boti, iko Gombe, msitu wa sokwe ambamo Jane Goodall alianza kazi mwezi wa saba 1960. Sisi hatukwenda. Mpwa wangu alisema nyani anawaona bure Fizi.

USIKU NDANI YA GARI LA MOSHI

Kuna daraja la tatu la viti, daraja la pili la kukaa na la kulala, na la kwanza kwa wenye uwezo. Nawashauri daraja la pili la kulala. Chumba kina vitanda sita, wanaume mbali, wanawake mbali, ila kama jamaa yenu inalipa chumba kizima. Sisi tulikuwa watatu, basi mama alikwenda na wanawake, na mpaka asubuhi alikuwa amekwisha kujua habari za wote watano, na namba zao za simu. Beba shuka, maji, karatasi ya chooni, tochi, na kufuli ndogo ya mfuko. Usiku kuna baridi kuliko unavyofikiri, ni kiangazi. Mfuko usiuweke chini ya dirisha lililo wazi.

Tulitoka Kigoma usiku. Nilikuja kumwona mama kama amelala. Alikuwa amesimama katika ujia, paji la uso juu ya kioo. Treni ilikuwa kati ya Kigoma na Uvinza, na nje hakukuwa na kitu cha kuona, giza na miti. Kambi ya Lugufu ilikuwa upande huo. Ilifungwa mwaka 2009, waliobaki wakahamishiwa Nyarugusu. Mama akasema, "Huku ndiko tulikuwa tunatafuta kuni. Treni ilikuwa inapita, watoto wanapungia watu mikono." Halafu akasema, "Sikujua wanaotupita walikuwa wanalala vitandani."

Nilitaka kumjibu kitu. Mpwa wangu alikuja na chai ya rangi katika vikombe vya bati, tukanywa.

Asubuhi ni kilio cha chakula madirishani. Kila steshoni ina kitu chake. Uvinza ni chumvi, tangu zamani za kale watu wanaichemsha kutoka katika maji ya chemchemi zake. Mbele, upande wa Tabora, ni asali, na mbele zaidi Saranda ni mahali ambapo treni nzima inakula kuku na wali. Nunua, lakini shika chenji yako kabla ya kutoa noti kubwa, maana treni haipigi honi kwa ajili ya chenji.

TABORA

Shukeni Tabora. Wengi hawashuki, wanakimbilia Dar, na hapo ndipo wanapokosea. Mji umetulia, una miembe mikubwa, chakula si ghali, na mtu akisikia lafuzi yako anakuuliza habari za Congo kwa upole.

Na una habari yetu. Mwezi wa saba 1916 askari wa Force Publique kutoka Congo waliingia Kigoma, na mwezi wa tisa wakaitwaa Tabora kutoka mikononi mwa Wadachi. Vitabu vinaandika majina ya maofisa wa Kibeleji. Lakini waliopiga vita na waliobeba mizigo walikuwa watoto wa Congo, na wabebaji walikufa wengi kwa njaa na magonjwa njiani. Baada ya vita Wabeleji walipewa sehemu yao ya bandari Kigoma na Dar es Salaam ili bidhaa za Congo zipite. Ukimsikia mzee wa Kigoma akisema "Belbase", ni habari hiyo.

Nyumba aliyokaa Livingstone iko Kwihara, nje kidogo ya mji. Mwalimu Nyerere alisoma sekondari Tabora tangu 1937, kisha akafundisha hapa hapa katika shule ya Mtakatifu Maria ya wamisionari. Wakatoliki, angalieni ndani ya vitabu vya sala vya zamani vya bibi zenu, wengi mtakuta "T.M.P. Tabora": vilichapwa hapa. Wamoravian wa Jimbo la Magharibi wana makao yao hapa pia. Sisi tuliangukia siku ya Mungu. Tuliketi nyuma, mchungaji akatuita mbele kujitambulisha, na mama, ambaye Baraka hasemi neno hata katika mkutano wa wanawake, akashika mikrofoni akasema, "Mimi ni Mkongomani wa Fizi, niko vakanse." Watu wakapiga makofi. Sijui walipiga kwa sababu gani. Labda hawajazoea kusikia maneno hayo mawili pamoja.

TRENI YA UMEME

Toka Tabora unaendelea na gari la moshi mpaka Dodoma. Hapo una uchaguzi. Tangu mwezi wa saba 2024 treni mpya ya umeme inakwenda toka Dodoma mpaka Dar es Salaam kwa reli yake nyingine, pana zaidi, na Rais Samia Suluhu Hassan aliifungua rasmi tarehe 1 Agosti mwaka ule. Inafika kilometa 160 kwa saa. Mahali ambapo gari la moshi la zamani linalala njiani, hii inakwenda saa nne hivi.

Angalieni mambo mawili. Steshoni mpya ya Dodoma si ile ya zamani. Ukishuka katika gari la moshi lazima utafute gari ao bodaboda, ndiyo hawa tunaowaita motari, na ukikata biye ya treni ya umeme saa moja tu baada ya kufika, utaikosa, kwa sababu gari la moshi huchelewa. Lala Dodoma usiku mmoja, uoge, upande asubuhi. La pili, jina katika biye liwe sawa kabisa na jina la pasipoti. Sisi Wakongomani tuna majina matatu, na kila mahali tunaandika kwa utaratibu mwingine. Mimi nilisimama pembeni nusu saa nikieleza kwamba postnom yangu si jina la mtu mwingine.

Ndani ni kimya, baridi ya mashine, viti safi. Mpwa wangu alipiga picha mia. Mama alisinzia. Alipoamka Morogoro, akaona ile milima ya Uluguru, akauliza kama tumerudi Fizi.

Reli hiyo mpya inajengwa kuelekea Tabora na Kigoma, na mpango uko wa kuitoa Uvinza kuingia Burundi, kisha mbele zaidi mpaka Congo. Siwaambii mngoje. Watoto wenu labda.

BAHARI, NA KURUDI

Kitu cha kwanza mkifika Dar es Salaam, kabla ya bahari, kabla ya chakula: kateni biye ya kurudi. Nasema hivi kwa sababu hatukufanya. Tulikwenda kwanza kuona maji, na siku ya pili tukakuta vitanda vimekwisha; tulirudi kwa viti mpaka Kigoma, usiku wa kwanza na wa pili, mama wa miaka sitini na minane ameegemea bega langu. Hakunung'unika. Hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Dar si mji wa kuona yote. Chagueni vitu viwili. Pandeni kivuko cha Kigamboni, ni bei ndogo na unaona meli kubwa zinaingia. Kisha Kariakoo, sokoni, jina lililotoka kwa wabebaji wa Waingereza wa vita ile ile niliyoisema Tabora. Zanzibar tuliiacha. Badala yake tulichukua basi kwenda Bagamoyo na kurudi siku ile ile, maana mama aliuliza, "Wale wa Ujiji, walifika wapi?" Hapo walifika. Iko misioni ya zamani ya Mapadri wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa 1868, ambayo ilinunua watumwa na kuwapa uhuru na ardhi ya kulima. Maiti ya Livingstone iliwekwa pale mwaka 1874 kungoja meli, baada ya watumishi wake, Susi na Chuma na wenzao, kuibeba toka ndani ya bara. Mama alitembea mpaka ufukoni, akachovya kidole, akaonja. "Ni chumvi kweli," akasema, kama mtu aliyekuwa na mashaka na Biblia yake.

Wiki mbili zilitosha, kwa Kiswahili cha kwao.

Kitu kimoja hakikuingia katika mpango wetu, nacho kilikuwa kikubwa kuliko vyote. Mdogo wake mama yuko Nyarugusu mpaka leo. Kambi si mahali pa kuingia tu na zawadi. Lazima ruhusa ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na mkimbizi naye hatoki bila ruhusa. Tuliuliza tukiwa tumekwisha kufika Kigoma. Muda ulikuwa umepita. Walisemezana kwa simu, mama ameketi juu ya mfuko pale steshoni, na kutoka pale mpaka kambini ni safari ya saa chache kwa gari. Wewe mwenye ndugu huko, na katika Fizi ni nani asiye naye, anza na barua hiyo hata kabla ya kuuliza siku za treni.

Ombi letu la mwaka huu tulilipeleka mwezi wa pili. Mama amesema bahari ameiona, inatosha. Safari hii anashuka Kigoma, na biye ya treni mpwa wangu aikate mwenyewe.